Fundo Ndani ya Kiatu

Mama Pacha alikuwa muuguzi katika wodi ya wanawake. Alipotoka zamu ya usiku alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaenda kwa mgonjwa wake wa nyumbani. Mgonjwa huyo alikuwa mama mkwe wake. Wajukuu walimwita Bibi, na nyumba nzima ikamwita hivyo.

Bibi alikuwa na kisukari. Kidole kidogo cha mguu wake wa kulia kilikuwa na kidonda. Kila siku Mama Pacha alikisafisha taratibu na kukifunga bendeji safi. Hakikupona.

Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani. Mumewe alikuwa fundi nguo. Asubuhi moja Mama Pacha alimwambia, "Baba Pacha, nataka kurudi chuo. Nataka kusoma shahada ya uzamili ya uuguzi."

"Chuo tena?" Bibi akadakia kutoka kitini. "Kwani sindano nayo ina chuo kikuu?"

Mume akacheka, akaacha kushona. "Shahada ya kwanza unayo. Wodini umekaa miaka mingi. Watakufundisha nini usichokijua?"

"Sijui," Mama Pacha akasema.

"Basi umejijibu mwenyewe," akasema Bibi.

Siku chache baadaye, alipofungua bendeji, ncha ya kidole ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Mama Pacha alijua kwamba kwa weusi ule mtu anaweza kupoteza mguu, hata uhai.

"Mama, leo twende kliniki," akasema. "Tusingoje kesho."

Bibi hakufanya mzaha. Alivaa viatu vyake vyeusi vya kitambaa. Mwanawe akafunga cherehani, wakaenda wote watatu.

Kliniki ya kisukari ilikuwa mwisho wa ukumbi wa hospitali. Aliyewapokea alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Juu ya mlango wake paliandikwa: Muuguzi Bingwa. Wagonjwa walimwita Dada Kwanini, kwa sababu hakuacha kuuliza.

"Kwa nini hakiponi?" alimuuliza Mama Pacha.

"Ni sukari, dada."

"Sukari ni sababu moja. Tutafute nyingine."

Aliweka vidole juu ya mguu wa kulia, akatafuta mapigo ya damu. Akahamia mguu wa kushoto, kisha akarudi kulia. Akachukua uzi mwembamba wa plastiki. "Mama, fumba macho. Nikikugusa wayo, sema."

Bibi akafumba macho. Dada Kwanini akainama miguuni pake.

"Anza basi, mwanangu," akasema Bibi. "Nakungoja wewe."

"Nimeshamaliza, mama."

Bibi akafumbua macho. Akamtazama mwanawe, kisha akautazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine.

Dada Kwanini akaokota kiatu cha kulia. Akaingiza mkono, akaupitisha polepole hadi mbele. Mkono ukasimama. "Mama Pacha, weka kidole hapa."

Mama Pacha akagusa. Ndani, palepale pa kidole kidogo, palikuwa na fundo la uzi, dogo, gumu kama punje ya mchele mbichi.

"Nani alishona kiatu hiki?"

"Mimi," akasema mume. Alifuta macho. "Kilichanika ubavuni. Nikakipiga fundo mara mbili ili kisifumuke."

Mama Pacha alielewa. Asubuhi alisafisha kidonda. Mchana kutwa kiatu kilikichimba upya.

"Usilie, baba," Bibi akamwambia mwanawe. "Ulinishonea kwa mapenzi. Mguu wangu ndio haukusema."

"Kisukari kimeua hisia za mguu huu," Dada Kwanini akaeleza. "Na mapigo ya damu ni dhaifu. Hili la pili si langu peke yangu. Linahitaji daktari wa upasuaji, na linamhitaji leo." Akapiga simu papo hapo.

Bibi alikatwa kidole kile. Mguu ulibaki.

Siku ya kutolewa bendeji, mume ndiye aliyeuliza. "Dada, wewe ni daktari?"

"Ni muuguzi. Baada ya shahada ya kwanza nilifanya kazi wodini, kisha nikasoma shahada ya uzamili. Nilijifunza kupima mwili mzima, kuelewa magonjwa na dawa kwa undani, na kusoma utafiti. Muda mwingi nilikuwa kwa wagonjwa, mwalimu kasimama pembeni. Nilijifunza pia mahali kazi yangu inapoishia."

Mama Pacha akatoa simu, akamwonyesha tangazo la chuo alichotaka. Masomo yote yalikuwa kwa simu.

"Watakupeleka kwa wagonjwa wapi?"

"Hawajasema."

"Waulize. Halafu uliza baraza la wauguzi kama linakitambua chuo hicho, na shahada hiyo itakuruhusu kufanya nini. Kila nchi ina sheria yake. Omba ruhusa kazini mapema, na chagua fani unayoipenda. Cheti kisichotambuliwa ni kiatu kizuri chenye fundo ndani. Utalijua ukishaumia."

Mama Pacha aliuliza. Chuo kile hakikutambuliwa. Akatafuta kingine, akasubiri mwaka, akapata. Mumewe alihamishia cherehani karibu na jiko ili ashone huku akiangalia sufuria. Wali uliungua mara nyingi. Pacha wakazoea.

Jirani alimuuliza Bibi, "Mkweo bado anasoma? Anasomea nini hasa?"

"Anasomea kwa nini," Bibi akajibu.

Mama Pacha alihitimu, akasajiliwa, akapewa chumba kando ya chumba cha Dada Kwanini. Siku ya kwanza aliingia mzee mwenye kidonda kisiginoni. Alikuwa ameshakunja suruali na kunyoosha mguu mezani.

"Asante, baba. Mguu nitauona," Mama Pacha akamwambia. "Kwanza niazime kiatu."

Nyumbani, asubuhi ileile, Bibi alikuwa amekaa kitandani na viatu mapajani. Aliingiza mkono katika kimoja, akapapasa hadi mbele. Kisha katika kingine. Mwanawe alisimama mlangoni, akangoja.

"Safi," akasema Bibi, na akavaa.