Kigingi Kilichozama

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Wilibrodi alikuwa amekwisha kuwavusha mto ng'ombe wa baba yake. Kwa hiyo, Desemba ile ya mwaka 1953, Mwalimu Kasimiri alipotangaza kwamba skauti watapiga kambi msituni karibu na maporomoko, Wilibrodi hakuwa na shaka kuwa kiongozi ni yeye. Alikwisha hata kuwatambia wadogo zake.

Mwalimu akamtaja Hamidi, mtoto wa mwenye duka mjini Sumbawanga!

Wivu ukamkaba Wilibrodi hapo hapo. Hamidi ana viatu, ana mfuko mpya wa turubai, baba yake ana lori. Sasa na uongozi apewe yeye? Siku ya safari walipanda vilima na kushuka mabonde. Hamidi aliongoza nyimbo, wenzake wakaitikia. Wilibrodi peke yake alifunga mdomo. Hata maporomoko yalipoonekana, maji meupe kwa povu yakianguka kati ya miti, hakuyafurahia. Kijicho kina ubaya huo: humnyima mtu hata starehe ya bure.

Mwalimu alikuwa amebaki nyuma na mwenzao mmoja aliyeteguka mguu. Chini ya maporomoko palikuwa na mchanga mzuri, tambarare. Hamidi akapapenda, lakini kwanza akamwendea Wilibrodi.

"Wili, wewe ni mtu wa mto. Hapa panafaa kulala?"

Wilibrodi alitazama juu. Pale walipo jua liliwaka, lakini mawingu meusi yalikuwa yametanda juu ya milima mto ulikotoka. Alilijua jibu.

"Kiongozi ni nani?" akasema. "Si wewe?"

Hamidi akaamuru mizigo ituliwe mchangani.

Kwa mazoea, Wilibrodi alichomeka kigingi kwenye ukingo wa maji, kama babu yake alivyomfundisha: maji yakikipanda kigingi, hama, usiulize. Hakumwambia mtu. Wenzake walipokuwa wakiokota kuni, alirudi kukitazama. Kilikuwa kimezama nusu, na maji yamegeuka kuwa mekundu kwa udongo. Moyo ulimwambia apige kelele. Wivu ukamwambia, ngoja kidogo, mwalimu aje amwone kiongozi wake. Akangoja.

Mara mngurumo wa maporomoko ukazidi. Wilibrodi akaruka hadi majanini, juu ya mchanga. Alipogeuka, alimwona Hamidi akikimbilia mchangani kuokoa unga wa ulezi, chakula cha wote.

"Hamidi, acha! Toka!"

Maji yalimfika Hamidi magotini, mara kiunoni. Wilibrodi alishika mzizi kwa mkono mmoja, akamkamata mwenzake kwa mkono wa pili, akavuta mpaka wote wawili wakaangukia majanini. Unga ulikwenda, sufuria zikaenda, na blanketi la Wilibrodi nalo likaenda. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mwalimu alifika akihema. "Nani alichagua mahali hapa?"

"Mimi, mwalimu," Hamidi alijibu. "Kosa ni langu. Wilibrodi ndiye aliyeniokoa."

Wenzake wakaanza kumsifu Wilibrodi. Zilikuwa sifa zile zile alizozitamani siku nyingi, na sasa zilimchoma.

"Mwalimu, mimi nilijua," alisema, machozi yakimlengalenga. "Aliniuliza, nikamnyima jibu. Nikaona maji yanapanda, nikanyamaza. Nilimwonea wivu."

Mwalimu alimgeukia.

"Hamidi hajui mto, akauliza. Hilo si aibu. Wewe unajua, ukanyamaza ili aaibike. Ulitaka kumvua uongozi, mwanangu, kumbe nusura umtoe roho. Babu yako alikufundisha ili watu wasife maji. Hakukufundisha ili uwafiche wenzako. Hamidi ataendelea kuongoza. Wewe nenda kijiji kile nyuma ya kilima ukaombe unga, na ueleze kwa kinywa chako jinsi unga wetu ulivyopotea."

"Ndiyo, mwalimu."

Wilibrodi aliondoka, kichwa kimeinama. Hakufika mbali akasikia hatua nyuma yake. Alikuwa Hamidi, nguo zikimchuruzika maji.

"Sikuja kukutetea," Hamidi alisema. "Utajieleza mwenyewe. Lakini unga wa watu wote ni mzito kwa mtu mmoja."