Choo cha Chini ya Chemchemi

Kila Jumamosi Verediana aliamka kabla ndama hawajaanza kulia. Aliteka maji kwenye chemchemi iliyo kando ya shule, akafagia ua, akafua sare yake na ya mdogo wake, kisha akamsaidia mama yake kupeleka samadi shambani. Kazi hizo alizifanya bila kunung'unika, na nyumba nzima ilijua sababu. Zikikamilika, aliruhusiwa kwenda mjini Mbulu, kwenye duka la vifaa vya kuandikia la Mzee Abdillah, baba wa Samira, rafiki yake aliyesoma naye darasa moja.

Dukani humo palikuwa na kompyuta. Siku za kazi ilichapa barua na kadi za harusi. Jumamosi alasiri, wateja wakipungua, Mzee Abdillah aliwaachia wasichana hao wawili wacheze mchezo wa kujenga mji, ambao kaka yake Samira aliuleta kutoka Arusha. Mchezaji hupewa uwanja mtupu. Juu ya uwanja huo huweka barabara, nyumba, soko, shule na mabomba ya maji, na watu wadogo kama sisimizi huja kukaa. Akiwapangia vizuri, hufurahi na kuongezeka. Akiwapangia vibaya, hulalamika, hufunga mizigo yao na kuhama.

"Bibi Mkuu wa Mkoa," Samira alimwita Verediana, akikodolea macho kioo, "wananchi wako wa mtaa wa sokoni hawana umeme."

"Waambie wavumilie. Hata sisi juzi tulilala na kibatari."

"Wanasema watahamia Babati!"

"Waende tu. Katika mkoa wangu makao makuu yako hapa hapa Mbulu."

Mzee Abdillah aliyekuwa akikata karatasi akacheka. Mkoa wa Manyara ulikuwa ungali mchanga wakati ule, na wapo watu wazima wa Mbulu ambao bado walikuwa wakinuna kwamba makao makuu yamepelekwa Babati. "Semeni polepole, wanangu," akasema. "Mteja wangu mkubwa anatoka huko."

Umeme ukikatika, wasichana hawakuondoka. Walikaa kwenye ngazi za duka na kusoma kurasa zilizokatwa kutoka katika gazeti la watoto, alizotumiwa Samira na mjomba wake wa Dar es Salaam. Zilikuwa na hadithi ya kuchekesha ya Nahodha Gumzo, aliyezunguka nyotani kwa chombo kisichojua kurudi nyuma, akiwa na msaidizi mmoja tu, mtambo uitwao Sawa-Mzee, uliotii kila amri neno kwa neno. Nahodha akisema, "Funga mdomo!", mtambo ulileta kamba. Verediana na Samira walizijua kurasa hizo kwa moyo, na bado kila waliporudi kuzisoma walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Baba yake Verediana, Mzee Theodory, hakuupinga mchezo huo, ila aliuwekea mpaka. Alikuwa mtu wa maneno machache, tena mwenyekiti wa kamati ya shule. "Cheza," alimwambia bintiye siku ya kwanza. "Lakini siku nitakapoona kwamba mchezo huo umekuharibia kazi, mguu wako hautakanyaga tena duka lile. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Mwaka huo, mwezi wa saba ulipoanza, vyoo vya shule vilikuwa vimejaa. Kamati ikaamua kwamba wazazi wachimbe shimo la choo kipya. Mwalimu Herman, aliyefundisha sayansi, akawaagiza wanafunzi wa darasa la sita wachore ramani ya uwanja wa shule, ili kamati ipate kuona nafasi zilizopo. Ramani ya Verediana iliwashinda wote. Madarasa yalinyooka kama yamepigwa kwa rula, miti ilipangwa mistari, na chemchemi ilichorwa katikati ya ukingo wa kulia, kwa kalamu ya buluu. Lango la shule alilichora chini kabisa ya karatasi, kwa sababu katika mchezo wake barabara kuu huingia mjini kutoka upande wa chini wa kioo.

Kamati ilikaa, ikajadili, ikaamua. Ijumaa asubuhi Mwalimu Herman akawaita Verediana na Samira.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mimi naitwa ofisi ya elimu sasa hivi. Chukueni vigingi hivi vinne mkaviweke kwenye nafasi ya choo. Kamati imeagiza choo kichimbwe Jumatatu, chini ya chemchemi, karibu na uzio. Ramani unayo, Verediana. Nakuamini."

Ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa mzito. Hata mlingoti wa bendera haukuonekana. Wasichana wakaufuata uzio, Samira akibeba vigingi na jiwe la kupigilia, Verediana akiwa ameikunjua ramani mbele ya uso wake. Akaweka kidole juu ya alama ya buluu, akakiteremsha kidogo kuelekea chini ya karatasi. "Ni hapa," akasema, wakapigilia vigingi. Mteremko wa upande ule ni mpole sana, mtu huusikia magotini tu. Verediana alipanda na kushuka na ndoo pale kila siku ya Mungu, na miguu yake ingemwambia ukweli kama angeiuliza. Lakini siku hiyo alikuwa akitembea juu ya karatasi.

Jumamosi ikafika na umeme ukakatika mapema. Samira akatoa mfukoni ukurasa mpya. "Umefika jana," akasema. "Sijausoma, nilikusubiri wewe."

Wakasoma kwa kupokezana. Nahodha Gumzo alikuwa amepotea kati ya nyota mbili.

"'Twende juu!' akafoka Nahodha," Samira akasoma kwa sauti nzito. "'Juu ya nini, mzee?' ukauliza mtambo. 'Huku kila upande ni juu.' 'Basi twende chini!' 'Chini ya nani, mzee?' Ndipo Nahodha alipotazama vizuri, akagundua kwamba tangu asubuhi alikuwa amekalia dari, na kofia yake ndiyo iliyokuwa sakafuni!"

Samira akajiangusha kwenye ngazi kwa kicheko. Verediana naye alianza kucheka, kisha akaacha ghafla, akiukodolea macho ukurasa.

"Una nini?"

"Chini ya chemchemi," Verediana akasema taratibu. "Mwalimu alisema chini. Mimi nikatazama chini ya karatasi."

"Si ndiyo chini hiyo?"

"Chini ya karatasi kuna lango, Samira! Na lango liko juu, kule barabarani. Maji yanatoka langoni kwenda bondeni. Tumeweka choo juu ya chemchemi."

Samira akaukunja ukurasa. Alikaa mjini na kunywa maji ya bomba, lakini alijua kwamba nyumba zote za bondeni, pamoja na nyumba ya akina Verediana, zilinywa chemchemi ile. Mwaka uliotangulia homa ya matumbo ilikuwa imewalaza watu kitongoji cha jirani, na mtoto mmoja wa darasa lao hakurudi tena shuleni.

"Mwambie baba yako leo," akasema.

"Nikimwambia, mchezo umekwisha. Aliniambia mwenyewe."

"Basi twende Jumatatu alfajiri, tuvihamishe vigingi kabla watu hawajafika. Hakuna atakayejua."

Shauri hilo lilimpendeza Verediana, maana lilimwokolea kila kitu kwa pamoja: chemchemi, heshima na mchezo. Jumapili, baada ya Misa, baba yake alisimama nje ya kanisa na wazazi wenzake, akawakumbusha kazi ya kesho. "Na vigingi vimeshawekwa," akasema, na sauti yake kavu ikalegea kidogo. "Amevipigilia binti yangu, kwa ramani aliyoichora mwenyewe."

Wazazi wakamgeukia Verediana. "Hongera, injinia!" mmoja akamwita. Verediana akainamisha kichwa, nao wakadhani ni adabu.

Jumatatu alitoka nyumbani mama yake akiwa bado anakoka moto. Samira alimngoja langoni, amejitanda kanga mbili kwa baridi. Ukungu ulikuwa palepale. Wakaufuata uzio wakinyata, na kabla hawajafika wakasikia sauti ya jembe. Wazazi wa nyanda za baridi hawangoji jua. Wanaume walikuwa wamekwisha kufika, na udongo mwekundu ulikuwa unarushwa kutoka katika shimo lililofika magotini. Mzee Theodory alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni, akitazama huku na huku kwenye ukungu kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Tumechelewa," Samira akanong'ona. "Turudi darasani. Labda watagundua wenyewe."

Verediana alikuwa ametega sikio. Chini yao, ndani ya ukungu, alisikia ndoo ikigonga jiwe. Mtu alikuwa anateka maji. Akajikuta anatembea, kisha anakimbia.

"Baba! Shikamoo, baba. Waambie wasimame."

Majembe yakatua. "Marahaba. Kuna nini?"

"Choo hakipaswi kuwa hapa. Kilipaswa kuwa chini ya chemchemi, nami nimekiweka juu yake. Nilifuata karatasi. Niligeuza juu kuwa chini." Akaendelea bila kupumzika, maana alijua kwamba akinyamaza hapo hataweza kuanza tena. "Nimejua tangu Jumamosi. Leo nilikuja kuvihamisha vigingi kwa siri, ili nisikuambie, kwa sababu ya mchezo."

"Na mimi nilikuwamo, mzee," Samira akasema nyuma yake. "Shauri la siri lilikuwa langu."

Mmoja wa wachimbaji akatupa jembe. "Mainjinia wetu hawa! Tumechimba bure kwenye baridi hii!" Mwingine akacheka. Mzee Theodory hakucheka wala hakufoka. Aliteremka taratibu kwa kufuata uzio, akapotea ndani ya ukungu. Wakamsikia akisalimiana na aliyekuwa akiteka maji. Aliporudi, magamba ya matope yalikuwa yamemshika viatuni.

"Ni kweli," akasema. "Fukieni, ndugu zangu. Mnisamehe, mwenyekiti ni mimi. Na hawa wawili watasaidia kufukia."

Wakafukia. Verediana na Samira walirudisha udongo kwa mikono na kwa karai, wakaukanyaga mpaka ukawa mgumu, huku wenzao wa darasa wakiwachungulia madirishani. Ukungu ulipopanda, uwanja wote ukaonekana wazi, na hapakuwa na mtu aliyehitaji ramani ili kuona maji yanateremkia wapi. Mwalimu Herman alipofika na kuelezwa, alivikusanya vigingi. "Nami sikupaswa kuwaacha peke yenu kwenye ukungu," akasema, kisha akaelekeza mwenyewe mahali pa vigingi.

Jioni hiyo Verediana alingoja hukumu. Baba yake alikunywa chai yake hadi mwisho, akasema jambo ambalo hakulitazamia. "Jumamosi nitakwenda nawe dukani. Nataka kuuona mji huo."

Akaenda kweli, na kofia yake na koti lake la kanisani. Mzee Abdillah akampisha kiti. Mzee Theodory akautazama mji kwenye kioo kwa muda mrefu: barabara zake, masoko yake, watu wake wadogo wakihangaika.

"Ni mji mzuri," akasema hatimaye. "Maji yake yanateremkia wapi?"

"Hayateremki, baba. Ardhi yake yote ni tambarare."

"Basi huu hauko Mbulu."

"Tumeupoteza!" Samira akashtuka. "Na makao makuu tulikwisha kuyaleta!" Mzee Abdillah akageukia ukutani kuficha kicheko, na hata masharubu ya Mzee Theodory yakacheza. Kisha uso wake ukarudi kuwa ule wa siku zote, akawageukia wasichana wote wawili.

"Nisikilizeni vizuri. Mashine hii haikukosa. Yenyewe haijui mlima wala haijui mtu anayekunywa. Kujua huko ni kazi yenu. Hata mimi Jumatatu ile magoti yangu yaliniambia kwamba nimesimama pabaya, lakini nikaiamini karatasi kwa sababu nilijivunia aliyeichora. Kukosea kunatupata sote, Verediana. Kosa lako la Ijumaa lilikuwa la mkono, na kosa la mkono hufukiwa kwa karai. Kosa la Jumamosi na Jumapili lilikuwa la ulimi ulionyamaza, na hilo lingefika katika vikombe vya watu wote wa bondeni. Ulilimaliza kwa kusema mbele ya watu, ukijua utakachopoteza. Kwa hiyo sitavunja neno langu wala sitalikaza kupita kiasi. Hutacheza mpaka choo kile kiwe na paa na maji ya kunawia mlangoni. Kila Jumamosi utakwenda pale kusomba mawe na mchanga. Siku kitakapofunguliwa, utarudi kwenye mji wako."

"Asante, baba."

"Nami nitakwenda naye kusomba," Samira akasema.

"Ulikuwa umekwisha kuhesabiwa," Mzee Abdillah akamjibu kutoka nyuma ya kaunta.

Choo kilikamilika mvua za vuli zilipoanza. Siku ya kukifungua, Mwalimu Herman alibandika ukutani mwa darasa la sita ramani mpya ya Verediana. Madarasa yalinyooka kama mwanzo na chemchemi ilikuwa ya buluu kama mwanzo. Lakini kabla ya kuchora nyumba hata moja, mchoraji alikuwa ametoka nje, akatembea kutoka langoni hadi bondeni kwa miguu, akarudi, na juu ya karatasi tupu akaweka mshale mmoja mrefu. Kando yake aliandika: Maji yanakwenda huku.

"Kuanzia leo," mwalimu akaliambia darasa, "kila atakayechora ramani katika shule hii ataanza na mshale huo. Na akigundua kwamba ameugeuza, atasema siku ile ile."