Kohozi la Ngazini

Rafiki yangu Maëlle hutembeza wageni mjini Lyon, Ufaransa, akiwapitisha kwenye vichochoro vinavyokatiza ndani ya nyumba za watu. Humo mtu hunong'ona; wenyeji wakilalamika, mlango unafungwa na kazi yake imekwisha. Juzi, bwana mmoja aliyemkodi peke yake alitema kohozi zito ngazini. Mie ningemzaba kibao!

"We bwana, hapa watu wanaishi! Pangusa!" Maëlle akamnong'oneza kwa ukali.

"Binti, nimekukodi unitembeze, si unifunze adabu."

Taa, inayojizima yenyewe, ikazimika. Gizani wakasikia ulimi ukilamba jiwe la ngazi, taratibu, kwa uchu, ukisogea.

Maëlle akapapasa swichi. Hapakuwa na mtu mwingine. Ngazi ilikuwa safi. Suruali ya yule bwana ilikuwa imelowa mate mazito hadi gotini, bado ya moto.