Konvertisa ya Kinyozi Zahoro

Kila asubuhi, baada ya sala, Papa Zahoro alipanda ngazi ya miti hadi juu ya paa. Huko alifuta pano zake za jua kwa kitambaa chenye maji. Alizifuta polepole, bila haraka yoyote. Mke wake, Mama Adija, alikuwa chini akiwasha makaa ya chai. Alimwangalia, akatabasamu.

Walikaa mtaa wa Kataki, mjini Kalemie. Zahoro alikuwa kinyozi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa saluni. Nyaya za umeme wa mji hazikufika kwenye njia yao, kwa hiyo kazi yote ilitegemea jua. Pano zilijaza batri. Lakini umeme wa batri peke yake hauendeshi mashine ya kunyolea. Lazima upite kwanza ndani ya kisanduku kinachoitwa konvertisa. Kisanduku hicho hugeuza umeme wa batri kuwa umeme wa prizi, ule wa soketi ya ukutani.

Zahoro aliipenda sana konvertisa yake. Aliweka akiba miaka mingi kabla ya kuinunua. Aliitundika juu kabisa, karibu na mabati, ili watoto wa jirani wasiifikie. Jioni aliiaga kabla ya kufunga saluni. Mama Adija alimtania, akasema nyumba hii sasa ina wake wawili. Halafu yeye mwenyewe alifuma kitambaa kizuri chenye maua, akaifunika vizuri, vumbi lisiingie.

Ulikuwa mwaka wa vita huko Nyunzu. Vijiji viliungua. Watu walikimbilia Kalemie kwa miguu, wakiwa na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Siku moja alifika mlangoni mwanamke kijana aliyemshika mkono mtoto wa kike. Aliitwa Gisèle, na mtoto wake Julie. Zamani Zahoro alipokwenda Nyunzu kununua mahindi, alilala nyumbani kwa baba yake Gisèle na kula mezani pake. Hakuuliza maswali mengi. Alimwambia mkewe aongeze maji ya bukari, ugali wa jioni.

Gisèle alikuwa amepotezana na mume wake, Numbi, njiani. Risasi zililia, watu wakatawanyika msituni, kila mmoja upande wake. Yeye alibaki na mtoto na simu ndogo. Numbi aliijua namba ile kwa kichwa. Simu ilikuwa kuukuu na batri yake haikukaa na moto. Usipoichaji leo, kesho imezimika. Kwa hiyo kila siku Gisèle aliichomeka kwenye prizi ya saluni, akakaa karibu nayo akisubiri iite.

Hakutaka kukaa bure. Alifagia, alichota maji, alitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Alhamisi moja aliazima pasi ya umeme kwa jirani aliyehamia nayo kutoka katikati ya mji, ili amnyooshee Zahoro kanzu ya Ijumaa. Alitaka kumshukuru. Aliichomeka pasi kwenye prizi. Konvertisa ililia kwa sauti nyembamba, ikanyamaza. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani.

Gisèle aliichomoa pasi haraka. Alidhani watafukuzwa. Zahoro aliivaa kanzu yake ikiwa na mikunjo vilevile, akamwambia kwamba Mungu haangalii mikunjo. Kisha akaibeba konvertisa kwa fundi wa sokoni.

Fundi aliifungua, akabadilisha vipande fulani, akaifunga. Hakuuliza inakaa wapi. Hakuuliza inaendesha nini. Zahoro alilipa, akarudi nyumbani kwa furaha, akaitundika palepale, na Mama Adija akaifunika tena kwa kitambaa chake. Baada ya muda mfupi ikafa, ingawa pasi haikuguswa tena. Akairudisha sokoni. Ikatengenezwa, ikafa tena. Safari hii fundi alisema kwamba kifaa kimechoka, na kwamba afadhali Zahoro anunue kikubwa zaidi, nacho anacho dukani.

Mama Adija aliporudi kutoka ziwani na ndagala zake, samaki wadogo wa kuuza, aliona mahali pa redio pako wazi. Ilikuwa redio ya marehemu baba mkwe wake. Kila asubuhi Zahoro aliisikiliza, akisugua meno ya chanuo kwa brashi. Alikuwa ameiuza ili kulipia matengenezo. Mama Adija aliingia jikoni, akakaanga ndagala zile alizokuwa azipeleke sokoni, kwa sababu mume wake alizipenda sana.

Sasa Zahoro alinyoa kwa mkasi. Vijana hawakutaka mkasi. Walipita mlangoni wakisalimia kwa aibu, wakaenda kwa kinyozi mwingine. Na simu ya Gisèle ilizimika. Alitembea hadi katikati ya mji kuichaji, lakini huko foleni ya wakimbizi ilikuwa ndefu, na siku nyingine alirudi nayo ikiwa tupu.

Ndipo asubuhi moja Gisèle alifunga kitenge chake. Alimwomba Mama Adija abaki na Julie. Alisema atarudi kwenye barabara ya Nyunzu kumtafuta mume wake, maana labda Numbi amepiga simu mara nyingi, na sasa anaamini wamekufa.

Mama Adija aliijua barabara ile kwa habari zake. Waliokuwa wakitoka huko walikuja na majeraha. Alimshika Gisèle mabega, akamkalisha.

"Mutoto wangu, unipe leo tu. Nimesikia Mama Odile amerudi. Nitamwita."

Mama Odile alikuwa jirani yao. Alifundisha umeme kwenye shule ya ufundi. Miezi ile yote alikuwa Kabimba akimuuguza mama yake, ndiyo maana hakuna aliyemuuliza kitu. Nyumba yake nayo ilitumia jua, na konvertisa yake ilikuwa ileile tangu binti yake wa kwanza alipozaliwa. Binti huyo sasa alikuwa anajua kusoma.

Alikuja akiwa bado na vumbi la safari. Hakuanza kwa kufungua kisanduku. Alipanda juu ya kiti cha saluni, akaweka kiganja chake pale kwenye ubao wa konvertisa chini ya mabati. Akakiondoa haraka.

"Papa Zahoro, hapa ni pa moto sana. Ndiyo hapa inakaa mchana wote?"

"Ndiyo hapo. Nilitaka iwe mbali na watoto."

"Na hiki kitambaa?"

Mama Adija alisema ni chake, alikifuma mwenyewe ili kuikinga na vumbi. Mama Odile alikitazama kile kitambaa, akayasifu maua yake. Kisha akacheka taratibu, na wenye nyumba wakacheka pia kabla ya kujua kosa ni lipi.

"Mumeipenda kupita kiasi. Mumeifunika kama mutoto mwenye baridi, na yenyewe iko na homa. Konvertisa ikifanya kazi inatoa joto. Yale matundu ubavuni ni pua zake, na ile feni ndogo inapumulia hapo. Mukiziba, joto linabaki ndani na kuunguza vipande. Fundi anabadilisha vipande, munairudisha kwenye joto lilelile. Hata mukinunua mpya leo, itakufa vilevile."

Zahoro aliinamisha kichwa. Akauliza kama basi pasi haikuwa na kosa.

"Pasi pia," alisema Mama Odile. Akamgeukia Gisèle, akaongea kwa upole. "Kila kitu kinachotengeneza joto kwa umeme, pasi, birika, jiko, kinakula umeme mwingi sana. Mashine ya kunyolea inakula kidogo, simu kidogo zaidi. Konvertisa ndogo ni kama punda mdogo. Umpe mizigo anayoweza. Wewe haukujua, na hakuna aliyekuambia."

Gisèle alipangusa macho kwa pembe ya kitenge.

Mama Odile aliendelea kuangalia. Aliwaonyesha waya zilizotoka kwenye batri. Zilikuwa nyembamba na ndefu, kwa kuwa batri ilikuwa chini na konvertisa juu. Alieleza kwamba waya za upande wa batri lazima ziwe nene na fupi, la sivyo zinapata moto na umeme unapotelea njiani. Aliwaonyesha pia unga mweupe kwenye vichwa vya batri, mahali waya zinapofungwa. Kimoja kilikuwa kimelegea kiasi cha kuzungushwa kwa kidole. Alisema hapo umeme unafika kwa kurukaruka, na konvertisa haipendi hivyo.

Siku hiyo hiyo waliipeleka kwa Jamil, fundi aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Mama Odile alimfundisha Zahoro maswali ya kuuliza kabla ya kulipa, naye akayauliza mwenyewe. Ni kipande gani kimeungua? Kwa sababu gani? Nionyeshe kile cha zamani. Ikifa tena mwezi huu, utafanya nini? Jamil alijibu yote. Alimpa vipande vilivyoungua mkononi na akaahidi kuitengeneza bure ikiharibika kwa kosa la kazi yake. Alimwambia pia kwamba matengenezo yakikaribia nusu ya bei ya kifaa kipya, afadhali kuacha na kununua kipya, kwenye duka linalotoa garanti, yaani dhamana, na lenye vipande vya akiba. Na asidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, kwa maana vingine haviwezi hata nusu ya hiyo namba. Lakini hii ilikuwa bado inafaa kutengenezwa.

Jioni Zahoro alihesabu kichwani, akaona kwamba Jamil alitaka pesa chache kuliko alizolipa sokoni kwa mara moja tu. Alifikiria redio ya baba yake, akashusha pumzi. Mama Adija alimwekea chai mbele yake, akakaa karibu naye mpaka akaimaliza.

Kesho yake walihamisha kila kitu. Konvertisa ilifungwa ukutani, upande wa kivuli, kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima, na hewa ikipita pande zote. Batri iliwekwa karibu, lakini si chini yake, kwa kuwa mvuke wa batri unakula chuma. Waya nene na fupi zikafungwa kwa nguvu, na fizibu, kiwaya kinachokatika umeme ukizidi, ikawekwa katikati. Vichwa vya batri vikasuguliwa hadi vikang'aa. Zahoro alitengeneza kizuizi cha mbao chenye nafasi pana, watoto wasiguse. Mama Adija alipewa brashi kavu, na kila Ijumaa alipangusa vumbi kwenye matundu baada ya kuzima kila kitu. Kanzu zilinyooshwa kwa pasi ya makaa.

Vijana wakarudi saluni. Wakimbizi wa mtaani nao walileta simu zao, na Zahoro alizichaji chache chache, si zote kwa pamoja. Simu ya Gisèle haikuzimika tena.

Iliita siku ambayo hakuna aliyeitazama. Gisèle alikuwa uani akichambua sombe. Mama Adija ndiye aliyeisikia, akakimbia nayo. Gisèle aliiweka sikioni kwa mikono iliyojaa majani. Alisikiliza tu, akaketi chini palepale. Numbi alikuwa upande wa Kabalo. Alikuwa amepiga kila alipopata simu ya kuazima, na kila mara aliambiwa namba hii haipatikani. Alisema hii ingekuwa mara yake ya mwisho kujaribu.

Siku chache baadaye Numbi alifika juu ya lori la mahindi. Alikuwa amekonda, na nywele na ndevu zimemfunika uso wote. Gisèle alimjua kwa mwendo wake tangu barabarani. Lakini Julie alijificha nyuma ya Mama Adija na kukataa kutoka.

"Huyu si papa," alisema.

Numbi alisimama mlangoni, hakujua afanye nini na mikono yake. Zahoro aliwaomba wateja wake radhi, akamwinua mmoja aliyekwisha kukaa, akamkalisha Numbi kwenye kiti. Akamfunga shuka shingoni na kuwasha mashine.

Mashine ilinguruma sawasawa bila kukatika. Nywele zilianguka sakafuni vishungi vishungi. Shavu moja likaonekana, kisha la pili. Julie alichungulia. Alitoka nyuma ya kitenge cha Mama Adija, akasogea hadi kwenye kioo, kisha hadi kwenye kiti. Kidevu kilipotoka, aliinua mkono akakigusa, akamwita baba yake jina lile ambalo yeye peke yake alizoea kumwita.

Zahoro alizima mashine. Mtoto alikuwa ameshapanda mapajani mwa baba yake, nywele zikiwa zimemshika kwenye gauni, na hakuna aliyemwambia ashuke.