Nasibu Anataka Lori

Bi Sihaba wa Kibiti aliishi na redio. Mumewe, Hemedy, alikuwa amefariki, na watoto hawakujaliwa. Kila asubuhi aliiwasha, akaanza kubishana na msomaji wa habari. Majirani walimcheka. Hawakujua jinsi nyumba ile ilivyokuwa ikimlemea iliponyamaza.

Kisha akaja mpangaji. Jina lake Nasibu, kijana wa Salale, kule deltani ambako watu hupanda boti hata kwenda kusalimiana. Alikuwa utingo wa lori. Alipanga mizigo, akafunga turubai, akamsaidia dereva. Siku nyingine aliendesha pikapu ya tajiri wake. Akirudi kazini aliita kutoka mlangoni, "Hodi mama, shikamoo!" Bi Sihaba akaanza tena kupika wali wa watu wawili. Walikula sinia moja na kutaniana.

"Nyie watu wa Salale samaki hawawatoshi," alisema Bi Sihaba. "Niachie hata mkia!"

Ijumaa moja Nasibu aliingia akicheka peke yake.

"Mama, nimepata usukani! Dereva wetu ameacha kazi. Kuanzia Jumatatu lori ni langu. Nitabeba ufuta wa vijiji vya hapa karibu, Mkongo na Mahege. Kila jioni nitarudi hapa hapa."

Kila jioni! Bi Sihaba alifurahi mpaka akasahau kutafuna. Halafu furaha ikamtoka.

"Leseni yako daraja gani?"

"D, mama. Tajiri kasema inatosha. Wenzangu wanasema nikitaka kupanda nichukue C, ati ndiyo ya magari makubwa."

Bi Sihaba alikusanya vyombo, akaenda kuviosha vilivyokuwa safi na visivyokuwa safi. La kumwambia alilijua vizuri. Lakini akilisema, kijana ataondoka kwenda kusoma. Akinyamaza, sinia litabaki la watu wawili. Basi alinyamaza. Jumamosi nzima alinyamaza, na moyo ulimsuta.

Jumapili alimkuta Nasibu anapiga pasi shati la kuanzia kazi. Hemedy naye alipiga pasi shati lake siku kama ile. Bi Sihaba hakuweza tena.

"Keti, mwanangu. Weka pasi chini. Mume wangu alikuwa na D kama yako. Tajiri wake naye alisema inatosha. Lori likamshinda kwenye mteremko, likapinduka. Hemedy hakuwa mlevi wala mzembe. Hakufundishwa kushuka na mzigo mzito, basi. Watu wa bima wakauliza leseni. Wakasema hii si ya lori, hatulipi. Tajiri akasema hakumtuma. Mie nikabaki na redio."

Nasibu aliinama. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nichukue C?"

"C ya nini? Unabeba ufuta au unabeba watu? C ni ya magari ya abiria. D ni ya gari dogo na pikapu. Lori kubwa ni E. Nenda chuo cha udereva kilichosajiliwa. Wakufundishe lori lenyewe, breki zake, mzigo wake na miteremko. Ukipata cheti, polisi wa usalama barabarani watakujaribu. Ukifaulu ndipo mamlaka ya mapato wakubadilishie daraja. Lakini uliza kwanza kama umekaa na D muda unaotakiwa. Kama bado, vumilia na pikapu yako. Na mtu akikwambia atakuletea E bila kukuona barabarani, mkimbie."

"Chuo chenyewe kiko Dar, mama. Utabaki na nani?"

"Na redio," alisema. Alijaribu kucheka, kicheko kikagoma.

Jumatatu Nasibu alimwambia tajiri hapana. Tajiri alifoka, akampa mtu mwingine usukani. Nasibu akaenda kuuliza kwa watu wa mapato, akaambiwa muda wake wa D umetimia. Wiki hiyo hiyo akafunga begi, akaondoka.

Bi Sihaba alirudi kwenye redio. Kwa mazoea alipika wali wa wawili, nusu ikaliwa na kuku. Upweke ulimuuma, na hakuuficha. Dukani aliponunua sukari alilia mbele ya watu. "Nimemfukuza mwenyewe," alisema.

Msimu wa ufuta uliofuata, lori kubwa lilisimama barabarani na kupiga honi. Mtu akaita mlangoni, "Hodi mama, shikamoo!"

"Marahaba. Daraja gani?"

"E, mama! Walinijaribu mpaka jasho likanitoka. Tumetoka Lindi na mzigo, na miteremko yote nimeishuka taratibu kama ulivyosema."

Bi Sihaba alimshika mabega, akamtazama mzima mzima, machozi yakimtiririka.

Nasibu hakurudi kupanga. Kazi yake ni ya safari ndefu, na siku nyingi nyumba ile bado iko kimya. Lakini kila apitapo Kibiti hula kwa Bi Sihaba. Juzi alikuja na mwenzake wa kazini, Badru, anayetamani usukani naye. Bi Sihaba alisimama na upawa mkononi, hajapakua.

"Weye leseni yako daraja gani?"

"C naitafuta, mama. Nataka niendeshe lori."

"Keti," alisema Bi Sihaba. Akaenda kuizima redio, akarudi na sinia la watu watatu.