Jina Lililoitwa Bandarini

Naipanoi alifagia uwanja, akachemsha uji, akasikiliza taarifa ya habari mpaka betri zikafifia, kisha akambeba mtoto mgongoni na kushuka mtoni kazini. Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mvua za El Nino zilikuwa zimepita mwaka uliotangulia, na Kitengela bado ilikuwa ikichota matope kutoka vyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi, au ndivyo alivyodhani. Kabla ya ukuta wa mawe kujengwa kuzuia mafuriko, wenye mradi walitaka mtu aliyesomea historia atembee ukingo wa zamani, aulize wazee nani aliishi wapi, na ayaseme yote kwenye kinasa sauti. Mahali penyewe paliitwa Bandarini. Usicheke. Ni kweli hakuna meli iliyowahi kufika huko. Lakini enzi za mkoloni wafanyabiashara Wasomali walijenga maduka ya mabati pale, wakawa wanavusha mbuzi na ngozi kwa chelezo cha mapipa kila mto ulipojaa, na kale kamji kakajiona bandari. Mafuriko ya mwaka wa sitini na moja yalikazoa. Ilibaki misingi ya mawe tu, imezama nyasini.

Aliyemsimulia zaidi ni Ebla, mama wa makamo mwenye duka la nguo mjini. Babake, mzee Burale, ndiye aliyekuwa na duka la mwisho, lile la karibu kabisa na maji.

"Tulipanda juu ya mabati, mimi na mdogo wangu Yurub," Ebla alimwambia. "Alikuwa na miaka tano. Nilikuwa nimemshika mkono. Maji ikamchukua. Hajaonekana mpaka wa leo."

"Pole sana, mama."

"Ukifika hapo kwetu, taja jina yake. Hakuna mtu amewahi kuitaja huko."

Sasa elewa jambo moja. Katika boma aliloolewa Naipanoi, jina la mtu aliyekufa akiwa mdogo halitajwi. Linaachwa lilale naye. Na mtoto mchanga hapewi jina mpaka wazee wakae, wamnyoe, wambariki; kabla ya hapo ana jina la kubembelezea tu. Binti wa Naipanoi alikuwa na miezi saba, na aliitwa Kadogo. Mama mkwe wake, Soipan, alikuwa amemwambia wazi wakinywa uji.

"Huyu mtoto usimpeleke mahali watu wamekufia. Hana jina bado. Ni kama nyumba haina mlango."

"Yeyo, mama, ni mchana. Nitarudi mapema."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kuna wengine, afadhali lingekuwa guu.

Alipita msingi baada ya msingi akisema kwenye kinasa sauti. Hapa palikuwa na hoteli ya chai. Hapa palikaa mshona viatu. Jua lilikuwa kali, na Kadogo alikuwa amelala mgongoni, shavu limebanwa kwenye bega la mamake. Walipofika msingi wa mwisho, Naipanoi akasimama juu ya jiwe la kizingiti.

"Hili ni duka la mzee Burale. Bintiye mdogo alipotelea hapa. Aliitwa Yurub."

"Haa," akasema mtoto.

Naipanoi akacheka. Watoto wa umri huo hutoa kila aina ya sauti. Akageuza shingo, akamwona Kadogo amefungua macho, anamtazama bila kupepesa. Na kwa mzaha tu, mzaha wa mama na mtoto wake, akamwita tena.

"Yurub?"

"Haa."

Safari hii hakucheka. Nyasi zilikuwa zimetulia. Mgongo wake ulikuwa baridi, kana kwamba amebeba kitambaa kilicholowa. Akapanda mlima akikimbia.

Tangu siku hiyo mtoto hakugeuka tena kwa jina la Kadogo. Walipiga makofi, wakapiga sufuria. Hakugeuka. Nywele zake zilinuka tope hata akitoka kuogeshwa. Soipan alimnusa kichwani, akamtazama mkaza mwanawe kwa muda mrefu, wala hakumkaripia. Hilo ndilo lililomwogopesha Naipanoi zaidi, kwa kuwa yule mama hakuwa mtu wa kumeza maneno.

Wazee waliitwa haraka. Mtoto akanyolewa, akapewa jina: Naserian. Mzee wa kwanza alipolitamka, mtoto alikohoa. Wa pili alipolitamka, alitapika. Yalikuwa maji. Maji ya kahawia, mengi kuliko tumbo la mtoto. Wazee wakasimama mmoja mmoja, wakachukua fimbo zao.

"Tumechelewa," Soipan akanong'ona. "Mlango ulishaingiwa."

Naipanoi alilia usiku kucha. Alimtaka binti yake, yule aliyecheka akiguswa kidevu. Kulipopambazuka akaenda kwa Ebla, akapiga magoti katikati ya duka, mbele ya wateja.

"Mama, niko na mtoto mmoja tu. Kuja umwambie aende. Wewe ni dada yake. Atakusikia."

Ebla hakuuliza ni nani. Akafunga duka.

Walipoingia, mtoto alikuwa ameketi mkekani. Akainua uso. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Abaayo," akasema.

Ndivyo Wasomali wanavyomwita dada, na hakuna mtu katika boma lile aliyejua Kisomali. Ebla akaketi mkekani. Kisha akaomba aachwe peke yake naye.

Naipanoi alingoja nje, sikio ukutani. Alisikia mnong'ono. Akasikia kilio cha mtu mzima. Halafu kimya. Akajipa moyo kwamba kazi inafanyika. Akaomba Mungu. Akaahidi kila kitu mtu anachoweza kuahidi.

Ebla akatoka, mtandio umelowa kifuani.

"Amekubali?" Naipanoi akauliza. "Mama, amekubali kwenda?"

"Sikumwambia."

"Hukumwambia?"

"Siku ile maji haikumchukua. Nilikuwa nateleza. Nikafungua mkono." Ebla alinong'ona, macho chini. "Leo ameshika kidole yangu, wallahi, hajaniuliza kitu. Nimwambie aende tena? Mimi? Nisamehe. Siwezi."

Naipanoi alimshika mabega, akamtikisa, akamsihi, akamtukana. Haikusaidia. Yule mama alitikisika tu, akawa analia. Baada ya hapo kila Ijumaa alimletea mtoto nguo mpya, akaziacha langoni.

Ukuta ukajengwa. Tingatinga ilifukia misingi yote, na juu yake wakapanga mawe ndani ya nyavu za chuma. Naipanoi alimsihi injinia auruke msingi wa mwisho. Injinia akamuuliza sababu. Angemwambia nini?

Mtoto alikua. Aliacha kunuka tope. Alikuwa na adabu, akawa wa kwanza darasani, na shuleni aliitikia Naserian kama mtu anayevaa sweta la mwenzake. Majirani walimsifu. Naipanoi alimlisha, alimvika, akamtibu alipougua. Kumpenda alijaribu. Mungu anajua alijaribu.

Halafu, mwaka wa elfu mbili na sita, wanawake wanaochota maji wakaanza kusema kuna kitoto kinalia nyuma ya mawe. Kichanga, walisema. Hata meno hakina.

Naipanoi aliacha moto ukiwaka, akashuka mchana kweupe. Msichana akamfuata. Palikuwa patupu. Naipanoi akaweka sikio kwenye jiwe. Mwanzoni, mto tu. Kisha akakisikia. Kwa mbali. Ndani kabisa.

Mama hasahau kilio cha mwanawe.

Alivuta nyaya. Akazivuta mpaka kucha zikang'oka. Jiwe halikusogea hata moja.

"Twende, mama," akasema msichana nyuma yake, polepole. "Hapa hakuna mtu."

Ndipo Naipanoi akahisi joto kifuani. Akajitazama. Tangu amwachishe yule msichana kunyonya hakuwa amenyonyesha tena, wala hakuwa amezaa tena. Lakini blauzi ilikuwa imelowa pande zote mbili, na maziwa yalikuwa yanadondoka juu ya mawe.

Kilio kilinyamaza papo hapo, kama cha mtoto aliyeonja.