Barua ya Bibi Shutu Iliyofichika

Kila siku masomo yalipokwisha, Mwelu alipitia ofisini kwa shangazi yake, Syombua, kabla ya kwenda nyumbani. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara kuu ya Ukunda, baina ya duka la vitambaa na kinyozi. Juu ya mlango paliandikwa kwa rangi ya buluu: SIMU, FAKSI, BARUA PEPE.

Mwaka huo ulikuwa 1999, na watu wengi wa hapo hawakuwa wamewahi kugusa kompyuta. Hata hivyo walijua kwamba ndugu aliye mbali akiandika barua pepe, Syombua angeipata siku hiyo hiyo. Anwani ilikuwa moja tu, ya ofisi. Barua zote ziliingia katika kikasha kimoja ndani ya kompyuta. Syombua alizisoma, akazichapa kwenye karatasi, kisha akawapelekea wenyewe salamu waje kuzichukua.

Mwelu alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Wazazi wake walikuwa wakulima huko Shimba Hills, nao walimleta kwa shangazi ili awe karibu na shule. Alikuwa mwepesi wa kujifunza. Baada ya kumaliza kazi ya shule, Syombua alimruhusu kuketi mbele ya kompyuta na kuandika daftarini majina ya watu walioletewa barua.

Jumatatu moja, Syombua alivua miwani akafikicha macho.

"Barua zimepita mia nne," alisema. "Nikitafuta mpya, napotea katikati ya zile za zamani. Na kuzifuta siwezi. Watu hurudi kuniuliza habari za mwezi uliopita."

"Niachie mimi, shangazi," Mwelu alisema.

Syombua alipotoka kwenda posta, Mwelu alianza kufungua orodha za maagizo, moja baada ya nyingine. Aliona kwamba angeweza kuchagua jinsi kikasha kitakavyoonekana. Alikuza maandishi ili shangazi asiumize macho. Alizipanga barua kwa tarehe, mpya zikawa juu. Kisha akakuta agizo la kuficha barua zote zilizokwisha kusomwa. Alilibonyeza, na orodha ile ndefu ikatoweka. Zilibaki barua saba tu, safi kabisa.

Syombua aliporudi alisimama akatazama kioo cha kompyuta kwa muda.

"Umefanyaje?"

"Nimezipanga tu," Mwelu alijibu. Alitaka kusifiwa, na sifa alizipata. Jioni hiyo shangazi alimweleza kila mteja kwamba mpwa wake ameitengeneza kompyuta. Mwelu hakueleza kwamba barua nyingine zimefichwa. Aliona kwamba akieleza, kazi yake ingeonekana kuwa ndogo.

Jambo moja yeye mwenyewe hakulijua. Kompyuta ile haikuweza kujua kama mtu amesoma kweli. Barua ikikaa wazi kwa sekunde tano tu, ilihesabiwa kuwa imesomwa.

Siku ya Jumanne Mwelu alikuwa akiandika majina daftarini. Alifungua barua moja, na kabla hajaisoma, mteja akamwomba kalamu. Aliinuka kumtafutia. Aliporudi alifungua barua iliyofuata, na ile ya kwanza ikaondoka machoni bila yeye kutambua.

Jumamosi, karibu saa sita mchana, watu watatu waliingia ofisini. Mbele alikuwa Mbwana wa Kinondo, mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani. Nyuma yake alikuwa binti yake Mapenzi, aliyesoma darasa moja na Mwelu. Mapenzi alikuwa amemshika mkono nyanya yake, Bibi Shutu.

"Shikamoo, Bibi," Mwelu alisema.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bibi Shutu, uso wake ukielekea ukutani. Macho yake yote mawili yalikuwa na utando mweupe. Ulikuwa ni mtoto wa jicho. Kwa miaka miwili sasa alikuwa akipapasa kuta za nyumba yake, na vidole vyake vilikuwa na makovu ya moto wa jikoni. Alikuwa amevaa leso mpya, na kucha zake alikuwa amezipaka hina.

"Dada Syombua," Mbwana alianza, "tumetoka Msambweni. Tulipangiwa leo mama apasuliwe macho. Tumefika tukaambiwa madaktari walikuja Alhamisi, wamemaliza na wameondoka. Wanasema siku ilibadilishwa, na sista Kahaso alituma barua hapa kwako tangu Jumanne."

Kahaso alikuwa muuguzi wa timu hiyo ya madaktari wa macho, na ofisi yao ilikuwa Mombasa. Kinondo kwa Mbwana hakukuwa na simu, kwa hiyo habari zote za matibabu ya Bibi zilipitia kwa Syombua.

"Barua gani?" Syombua aliuliza. "Mimi sikuiona." Aliketi akatazama kikasha kutoka juu hadi chini. Alitazama tena. "Haipo. Njoo utazame mwenyewe, Mbwana. Mwelu, wewe uliona barua yoyote ya sista Kahaso?"

Mwelu alikumbuka lile agizo la kuficha barua. Wakati huo huo alielewa kilichotokea.

"Hapana, shangazi," alisema.

Neno hilo lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilitoka kirahisi. Lakini alijua kwamba si ukweli wote, na uso ulimwaka moto.

"Basi hakuituma," Syombua alisema. "Sasa anatafuta pa kutupia kosa lake."

Bibi Shutu aliuliza kwa upole, "Watarudi lini hao madaktari?"

"Mwaka ujao, mama," alijibu Mbwana.

Bibi alitikisa kichwa polepole, akanyoosha mkono kutafuta bega la mjukuu wake. Mapenzi alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya buibui lake. Mwelu aliinamisha macho sakafuni mpaka walipoondoka.

Syombua alipowasindikiza hadi njiani, Mwelu aliiendea kompyuta. Aliondoa lile agizo la kuficha, na barua mia nne zikarudi zote. Hakutafuta sana. Ilikuwa hapo, ya Jumanne: *Tafadhali mwarifu Bi Shutu wa Kinondo kwamba siku imebadilika. Aletwe Alhamisi saa moja asubuhi.*

Alisikia ndara za shangazi mlangoni. Alibonyeza agizo lile lile tena, na barua ikafichika kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Mara hii alijua anachofanya.

Syombua alipiga simu Mombasa. Mwelu alikuwa pale pale, akisikia kila neno.

"Sista, usiniambie uliituma wakati mimi nimeikosa kwa macho yangu," Syombua alisema. "Mama wa watu amefunga safari bure. Umemkosesha macho kwa uzembe wako." Alisikiliza kidogo, akaandika namba kwenye karatasi, akakata simu. "Analia," alisema. "Eti ana uhakika aliituma. Amenipa na namba ya simu ya nyumbani kwao, nikiipata barua nimwambie."

Siku hiyo Mwelu hakuweza kula. Shangazi alidhani ni homa, akamgusa paji la uso na kumpikia uji wa ndimu. Wema huo ulimuumiza Mwelu kuliko kipigo.

Jumapili baada ya ibada, Syombua alifungua ofisi.

"Keti kwenye kompyuta," alimwambia Mwelu. "Vidole vyako ni vyepesi kuliko vyangu. Nataka kumwandikia mkubwa wa Kahaso. Mtu wa namna hiyo hafai kushika kazi ya wagonjwa."

Mwelu aliketi. Syombua akaanza kutaja maneno, huku akitembea chumbani. Mwelu alichapa jina la mkubwa huyo na salamu. Alichapa: *Muuguzi wako Kahaso ni mzembe, tena ni mwongo.* Aliyatazama maneno hayo aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Alifikiri juu ya mwanamke asiyemjua, aliyelia kwenye simu kwa jambo ambalo hakulifanya.

"Endelea," Syombua alisema.

"Siwezi, shangazi."

"Huwezi kwa nini?"

"Si yeye mwongo. Ni mimi."

Alieleza yote, kichwa kikiwa kimeinama: agizo alilobonyeza Jumatatu, barua aliyoifungua bila kuisoma, na jinsi alivyoiona jana akaificha tena. Syombua hakumkemea. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Nionyeshe," alisema hatimaye.

Mwelu alimwonyesha. Syombua aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Nami nimemtukana mtoto wa watu," alisema. Kisha akainuka, akachukua ile karatasi yenye namba, akapiga simu. "Sista Kahaso, ni Syombua wa Ukunda. Barua yako ilifika. Kosa limetoka hapa kwangu, si kwako. Nakuomba radhi kwa maneno yangu." Alisikiliza. Kisha akageuka haraka kumtazama Mwelu. "Kesho? Kwale? Ndiyo, sista. Saa moja atakuwa hapo, tutamleta wenyewe."

Madaktari walikuwa bado hawajarudi kwao, habari ambayo Kahaso hakupata nafasi ya kuisema katika ugomvi wa Jumamosi. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yao ya mwisho, katika hospitali ya Kwale, na Kahaso alikuwa amekubali kumwongeza Bibi Shutu kwenye orodha.

"Kama ungenyamaza mpaka kesho jioni," Syombua alisema, "ingekuwa basi tena." Alichukua funguo. "Twende Kinondo. Utasema mwenyewe. Sitakusemea."

Uani kwa Mbwana, Bibi Shutu alikuwa ameketi mkekani akichambua choroko kwa vidole. Mwelu alisimama mbele yake. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, lakini sasa yalimtoka ovyo ovyo. Mbwana alisikiliza huku amekunja mikono. Mapenzi alimwangalia Mwelu mara moja tu, akaingia ndani. Hilo lilimchoma Mwelu kuliko yote.

"Kwa hiyo jana ulikuwa unajua, nami nimesimama mbele yako," Bibi Shutu alisema.

"Nilijua, Bibi. Nisamehe."

Bibi aliendelea kuchambua choroko kwa muda. "Sikufurahi," alisema. "Siwezi kukudanganya kwamba nimefurahi. Lakini umekuja kwa miguu yako. Nimekusamehe. Mbwana, mwambie Mapenzi anitolee leso yangu ile, kesho tuna safari."

Bibi Shutu alipasuliwa Jumatatu asubuhi, jicho moja kwanza. Syombua alifunga ofisi ili aandamane nao, na huko Kwale alimwomba Kahaso radhi ana kwa ana. Jumanne bandeji ilipofunguliwa, Bibi alimtazama Mapenzi bila kupepesa. Akasema kwamba mjukuu amekuwa mrefu, tena amefanana na marehemu babu yake.

Habari hizo Mwelu alizipata kwa Mapenzi mwenyewe, siku ya Ijumaa. Tangu Jumapili Mapenzi alikuwa hamsemeshi. Ijumaa aliketi kando yake kwenye dawati, akafungua kitabu, akasema, "Bibi anaona." Baada ya kitambo akaongeza, "Bado nimekukasirikia kidogo."

"Najua," Mwelu alisema.

Jioni hiyo Mwelu alifika ofisini akakaa kwenye kiti cha wateja, mbali na kompyuta. Syombua alimwita.

"Njoo hapa. Nani kakwambia nimekufukuza kazi?"

"Niliharibu, shangazi."

"Maandishi makubwa yananisaidia, na barua mpya zikiwa juu naziona upesi. Hayo tutayaacha. Hili la kuficha tutaliondoa. Badala yake, je, unaweza kuziwekea barua za wagonjwa mahali pa peke yake?"

Mwelu alifikiri, kisha akatengeneza kikasha kingine kidogo, akakiita *Hospitali*. Alieleza kila alichobonyeza, taratibu, na Syombua akaandika hatua zote kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

"Sasa nisikilize," Syombua alisema. "Kubadilisha mambo ili kazi iwe nyepesi si kosa. Mimi nakupenda kwa hilo. Kosa la kwanza ni kubadilisha kitu cha watu wengi bila kuwaeleza, kwa sababu unataka sifa. Hilo lingeweza kumpata yeyote. Kosa la pili ni lile la Jumamosi. Uliogopa aibu yako, ukamvika mtu mwingine. Aibu ya kusema *ni mimi* inauma sana, najua, hata mimi ilinibidi kumwambia Kahaso. Lakini inauma mara moja. Ile ya kuficha ingeamka nawe kila siku, na Bibi Shutu angekuwa bado anapapasa kuta."

Mwelu aliitikia kwa kichwa. Kisha akavuta kiti, akafungua barua ya kwanza ya siku hiyo, akaisoma kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.